Descendents na Nyumba Waliyoitaka

Septemba 1982, bendi ya Descendents kutoka Manhattan Beach, California, ilitoa albamu yenye nyimbo 15 ambazo zote kwa pamoja hazitimizi dakika 23. Inaitwa Milo Goes to College. Wimbo mmojawapo, Suburban Home, unadai nyumba ya viungani mwa mji, nyumba ya kawaida kabisa, kama ya baba na mama. Kwa zaidi ya miaka 40 wasikilizaji wengi wameuchukulia kuwa kejeli, vijana wa panki, muziki wa roki wa kasi na uasi, wakiwacheka wazazi wao na nyasi zao zilizonyolewa vizuri. Lakini aliyeuandika, mpiga gitaa la besi Tony Lombardo, hakuwa kijana. Alizaliwa 1945, aliajiriwa posta, na ameeleza kwamba alimaanisha alichokiandika. Hakuona kwa nini mtu aishi kwenye uchafu ili aonekane mwanapanki wa kweli. Alitaka nyumba.

Naanza na mtu wa posta kwa makusudi. Historia ya skeiti panki, ile panki ya mbio yenye melodia iliyoshikwa na wacheza skeiti, yaani wapanda ubao wa magurudumu, wa California, husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili haziniridhishi. Ya kwanza inasema hawa walikuwa waasi waliotoroka gereza la maisha ya viungani. Ya pili, ambayo wapenzi wa panki ya London na New York huipenda sana, inasema walikuwa watoto walioshiba wakajifanya wana njaa. Mimi nadhani Descendents wanatuonyesha jambo jingine: viunga vile ndivyo vilivyougharamia muziki uliovitukana. Viliwapa muda, vyumba, magari, shule na chuo kikuu cha umma, na vilipoacha kuvitoa vitu hivyo kwa urahisi, bendi yenyewe ililazimika kufungasha.

Eneo linaitwa South Bay, msururu wa miji midogo kusini-magharibi mwa Los Angeles: El Segundo, Manhattan Beach, Hermosa Beach, Redondo Beach, Torrance, na ndani kidogo Hawthorne. Magharibi ni bahari. Kaskazini mwa Manhattan Beach kuna kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta cha El Segundo. Katikati ni barabara zenye nyumba za familia moja moja, nyingi zikiwa na banda la gari. Sehemu kubwa ya mishahara iliyolipia nyumba hizo ilitokana na Vita Baridi. Kati ya kampuni za ndege na anga, Northrop walikuwa Hawthorne, Hughes walikuwa El Segundo, na TRW, waliokiunda chombo cha anga cha Pioneer 10, walikuwa Redondo Beach. Mikataba ya serikali ilileta wahandisi na mafundi, wao wakaleta familia, na familia zikataka shule nzuri karibu na nyumbani.

Muziki wa huko haukuanza na panki. The Beach Boys walitoka Hawthorne mwaka 1961, nao waliimba kuhusu mawimbi, magari na wasichana kwa sauti zilizopangwa kwa ustadi ambao hadi leo unasumbua watunzi. Mwaka 1986 Descendents walirekodi upya Wendy, wimbo wa Beach Boys wa 1964, ndani ya albamu ya Enjoy!, albamu ambayo kwa sehemu kubwa inacheza na mizaha ya vyooni. Wapo wanaoiona Wendy hiyo kama mzaha mwingine. Isikilize tena. Sauti zimewekwa kwa heshima, na ni wazi kwamba wanaoimba wamekua nao wimbo huo. Kutoka surfi, mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, hadi skeiti hapakuwa mbali: mawimbi yakilala, kijana anachukua ubao wa magurudumu na kuigiza barabarani alichokuwa anakifanya majini.

Hapa lazima niseme neno kuhusu nani alipata nafasi ya kukua hivyo. Mwaka 1912 Willa Bruce, mwanamke Mweusi, alinunua kiwanja ufukweni Manhattan Beach, na yeye na mumewe Charles wakaendesha hapo mahali pa mapumziko kwa Weusi waliokuwa wakizuiwa fukwe nyingine. Mwaka 1924 mji ukaanza kutaifisha eneo hilo kwa kisingizio cha kujenga bustani ya umma. Familia ilifukuzwa, na ardhi ikakaa miaka mingi bila kazi. Ilirudishwa kwa vitukuu vyao mwaka 2022, nao wakaiuza kwa Kaunti ya Los Angeles mwaka uliofuata kwa dola milioni 20. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba panki ya South Bay ilikuwa ya vijana Weupe kwa sababu ndivyo mji ulivyokuwa, ajue kwamba mji haukujitokea tu kuwa hivyo. Ulifanywa. Bendi za huko ziliirithi hali hiyo bila kuulizwa, na sijakutana na nyimbo zao za mwanzo zinazoigusa. Hasira yao ilikuwa ya karibu zaidi: baba, mwalimu, msichana aliyesema hapana.

Skeiti yenyewe ilipata nguvu mpya kwa mambo mawili yasiyohusiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya polyurethane, ambayo yalishika lami badala ya kuteleza na kukwama kwenye kila kokoto kama yale ya udongo yaliyotangulia. Kisha ukaja ukame wa 1976 na 1977. Maji yalibanwa California nzima, mabwawa ya kuogelea ya nyuma ya nyumba yakabaki makavu, na vijana wakagundua kwamba kuta za bwawa zilizopinda ni wimbi la zege lisilovunjika. Walipanda uzio wa watu wasiowajua, wakacheza hadi mwenye nyumba arudi au polisi waitwe. Viwanja vya kulipia vilivyofuata vilifungwa kwa wingi kuelekea 1980, bima na kesi za majeraha vikiwa sababu kubwa, na mchezo ukarudi barabarani na kwenye miteremko ya mbao iliyopigiliwa misumari uani.

Muziki uliohitajika kwa mchezo wa namna hiyo haukuwa ule wa kuketi na kusikiliza. Mtu anayeruka bwawa ana sekunde chache kabla hajaanguka au hajaondolewa. Jarida la Thrasher lilianza San Francisco mwaka 1981, na kuanzia 1983 likatoa kaseti za mkusanyiko wa bendi zilizochezwa na wacheza skeiti wenyewe. JFA wa Phoenix walikuwa miongoni mwao. The Faction wa San Jose walikuwa na Steve Caballero, bingwa wa skeiti, kwenye besi. Ukipanga skeiti panki kwa nani alikuwa juu ya ubao, hao ndio wenye haki ya kwanza, na Descendents hawamo kabisa.

Descendents walikuwa wavuvi. Silisemi kwa utani. Bill Stevenson, mpiga dramu, alikuwa na mashua, na singo yao ya kwanza, Ride the Wild, ya 1979, ilitoka kwa jina la Orca Productions, jina la mashua hiyo. Catalina, kwenye albamu ya 1982, ni wimbo wa kwenda kuvua. Ukizihesabu mada za miaka yao ya mwanzo utakuta samaki, kahawa na chakula cha haraka kabla hujafika kwenye skeiti. EP yao (rekodi fupi kuliko albamu) ya 1981, Fat, ina wimbo wa sekunde 11 ambao ni oda ya chakula dirishani na maswali ya mhudumu, basi. Hata hivyo bendi ambazo baadaye zilijaza video na mashindano ya skeiti, karibu zote zilipita kwenye shule ya Stevenson na wenzake. Wacheza skeiti hawakuwachagua Descendents kwa maneno. Waliwachagua kwa mwendo.

Sasa bendi. Frank Navetta, mpiga gitaa, na David Nolte walianza kutunga pamoja mwaka 1977. Nolte akaenda zake kwenye The Last, bendi ya ndugu zake. Stevenson, aliyezaliwa 1963, aliingia akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Lombardo akaja na besi yake, akiwa na umri wa kuweza kumzaa mpiga dramu wake. Walifanyia mazoezi kwenye kona ya barabara za Ninth na Walnut, Long Beach. Mwaka 1980 akajiunga Milo Aukerman, mwenye miwani, aliyesoma na Stevenson sekondari ya Mira Costa na aliyekuwa akija tu kuwatazama wakifanya mazoezi. Hakuwa na sura ya mwimbaji wa panki wala hakuitafuta. Mwanafunzi mwenzao alikuwa na mazoea ya kumchora kibonzo cha kumtania: kichwa cha mraba, miwani, tai. Kibonzo hicho ndicho kilichozaa jalada la albamu ya 1982, na leo kimechanjwa kwenye miguu na mikono ya watu ambao Milo hatawajua kamwe.

Wazazi wao waliionaje panki? Kuna siku moja inayotosha kulijibu hilo. Julai 1979, Black Flag, bendi ya panki ya Hermosa Beach, walipata nafasi ya kupiga kwenye tamasha la familia katika bustani ya Polliwog, Manhattan Beach. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi na mablanketi, watoto na vikapu vya chakula. Bendi ilipoanza, na mwimbaji Keith Morris alipowapa salamu zake zisizochapishika, waliokuja kupumzika wakaanza kuwarushia bendi vyakula na makopo. Naipenda picha hiyo kwa sababu haina mshindi. Wanamuziki na warusha matikiti walitoka miji ileile, pengine mtaa uleule, na kila upande ulidhani mwingine ndio uliovamia. Baada ya hapo polisi wa Hermosa Beach waliwaandama Black Flag, na upande wa Los Angeles polisi wakazoea kuvunja maonyesho ya panki kwa virungu. Uasi wa viungani ulikuwa na gharama, hata kama nyumbani chakula kilikuwepo mezani.

Turudi kwenye ile mbio. Chukua Myage, wimbo wa kwanza wa Milo Goes to College. Unafunguliwa na besi peke yake, na besi hiyo haifuati gitaa kama mtumwa. Ina melodia yake ambayo ungeweza kuipiga mluzi. Halafu dramu zinaingia kwa kasi ambayo mkono wa kulia wa Stevenson unaonekana kutopumzika, sneya, dramu ndogo ya mlio mkali, ikipiga katikati ya mapigo ya chini kiasi kwamba wimbo unaelekea kuponyoka lakini hauponyoki. Juu yake Aukerman anaimba. Anaimba kweli, hapigi makelele. Wakati ule bendi nyingi za hardcore, panki kali na ya kasi zaidi, ya kusini mwa California zilikuwa zimeamua kwamba hasira na melodia ni maadui. Descendents walikataa ugomvi huo. Walichukua mwendo wa Black Flag, majirani zao, wakaujazia nyimbo za aina waliyoisikia redioni utotoni. Spot, prodyusa aliyerekodi bendi nyingi za huko, aliinasa albamu hiyo kwa namna ambayo kila chombo kinasikika kimesimama mahali pake. Mwendo huo ndio bendi za skeiti za miaka ya 1990 waliuchukua, mara nyingi bila yale mashaka yaliyokuwa ndani ya nyimbo.

Mashaka yalikuwepo, na ukatili pia. Albamu ina nyimbo zinazomwogopa msichana na kumlaumu kwa pumzi moja, na I'm Not a Loser ina matusi dhidi ya mashoga ambayo hayahitaji kutetewa kwa hoja ya umri au ya enzi. Kijana aliyeonewa na wenye nguvu shuleni alimtafuta aliye dhaifu kuliko yeye ili amtukane. Ni sehemu ya historia hiyohiyo ya viungani, na anayeuza albamu hii kama faraja ya wanyonge anairuka kimakusudi.

Halafu Milo akaenda chuo. Kichwa cha albamu hakikuwa fumbo. Alienda kusoma biolojia katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, mojawapo ya kampasi za umma zilizokuwa zikipanuliwa chini ya Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa jimbo, wa mwaka 1960. Mpango huo uliahidi kwamba mwanafunzi wa California mwenye sifa atapata nafasi kwa ada ambayo familia ya kawaida inaiweza. Aukerman hatimaye alipata shahada ya uzamivu, akafanya utafiti Wisconsin, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya jenetiki ya mimea katika kampuni ya DuPont hadi alipoachana nayo mwaka 2016. Hakuwa peke yake. Greg Graffin wa Bad Religion, bendi iliyoanza 1980 katika viunga vya bonde la San Fernando, alisoma UCLA kabla ya kupata uzamivu Cornell. Dexter Holland wa The Offspring, bendi ya Garden Grove, aliacha masomo ya uzamivu wa biolojia ya molekuli, akayarudia na kuyamaliza mwaka 2017. Waimbaji watatu wa bendi tatu kubwa za panki ya viungani vya Los Angeles, na wote watatu ni wanasayansi wa viumbe. Kama ni bahati nasibu, ni bahati nasibu iliyopangwa vizuri na wizara ya elimu.

Wakosoaji huitumia orodha hiyo kuwadhihaki. Wanapanki gani hawa wenye vyuo? Mimi naisoma kinyume. Aukerman aliweza kuacha bendi mwaka 1982, akarudi, akaacha tena 1987, akarudi tena 1996, kwa sababu hakuutegemea muziki kumlisha. Bendi isiyotegemewa kulisha mtu haina haja ya kuandika wimbo ambao redio itaupenda. Mkono mtupu haulambwi, na studio haikodishwi kwa hasira. Uhuru ule wa kutoa nyimbo za sekunde 11 ulikuwa na mlipaji.

Wenzake hawakuwa na akiba hiyo, na hapo hadithi inakuwa chungu. Lombardo aliendelea na bendi hadi I Don't Want to Grow Up ya 1985, kisha akatoka kwa sababu hakuwa tayari kuacha nyumba na kazi ya kudumu kwa ajili ya miezi ndani ya gari la ziara. Ukiusikiliza Suburban Home ukijua hilo, unaona kwamba alikuwa ametoa taarifa mapema. Navetta alichoma vifaa vyake vya muziki, akahamia Oregon kuwa mvuvi. Alifariki 2008. Stevenson alijiunga na Black Flag mwaka 1983 bila kuiua bendi yake, na kwa muda alikuwa akizipiga ngoma za bendi mbili zilizokuwa zikivuta pande tofauti kabisa, moja ikizidi kuwa nzito na ya polepole, nyingine ikibaki nyepesi na ya mbio. Sijui mpiga dramu mwingine wa kizazi kile aliyebeba mzigo wa namna hiyo.

Milo alipoondoka 1987, Stevenson, pamoja na Karl Alvarez na Stephen Egerton waliotoka Salt Lake City, walibadili jina wakawa All na kuendelea na waimbaji wengine. Hapa wapenzi wengi wa bendi huacha kufuatilia. Ni kosa, maana miaka ya All ndiyo inayojibu swali la pesa. Kundi hilo halikuweza kumudu kuishi California kwa kipato cha bendi ya ziara. Walihamia Brookfield, mji mdogo wa Missouri ambako pango lilikuwa rahisi, wakaishi pamoja na kufanya kazi kama kikosi. Mwaka 1994 wakahamia Fort Collins, Colorado, wakajenga studio yao, The Blasting Room. Watu waliokuwa wameuvumbua mwendo wa South Bay hawakuwa na mahali pa kuupigia South Bay.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwenye kura ya Juni 1978, Proposition 13. Wenye nyumba wa California, ambao wengi wao walikuwa wazazi wa vijana hawahawa, walipitisha sheria ya kufunga kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo ya kikodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Aliyenunua zamani alibaki na kodi ndogo hata nyumba yake ilipopanda mara kumi. Aliyekuja baadaye alilipa kwa bei mpya. Shule na huduma za miji zilipoteza chanzo kikuu cha mapato, na programu za muziki na sanaa zilikuwa miongoni mwa vilivyokatwa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Vita Baridi vikaisha, na viwanda vya anga vya South Bay vikapunguza watu kwa maelfu. Nyumba hazikushuka kurudi mikononi mwa wafanyakazi wa posta. Leo nyumba ya kawaida Manhattan Beach inauzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Kijana wa miaka 16 anayetaka kupiga dramu kwenye banda la gari huko, baba yake anahitaji kuwa tajiri kwanza, na majirani zake wana mawakili.

Ndiyo maana 1994 huwa naiona kama mwaka wa kinyume. Ndio mwaka All walijenga studio mbali na bahari, na ndio mwaka The Offspring walitoa Smash kupitia Epitaph, lebo ya Brett Gurewitz wa Bad Religion. Smash iliuza zaidi ya nakala milioni 11, kiasi ambacho hakuna albamu nyingine ya lebo huru inayotajwa kukifikia. Mpiga gitaa wao, Kevin Wasserman, anayejulikana kwa jina la Noodles, alikuwa mhudumu wa usafi katika shule ya msingi Garden Grove. Wimbo wao ukapigwa redioni na video ikazunguka MTV, naye bado alikuwa na ufagio mkononi, kwa sababu alitaka kumaliza muda wake wa kazi shuleni. Wanafunzi walikuwa wakimwona kwenye televisheni usiku na asubuhi wanamkuta akizoa majani uwanjani. Kwangu huyo ndiye mtoto halisi wa Lombardo kuliko bendi zozote zilizoiga besi yake: mtu wa ajira ya umma, mwenye ratiba, anayepiga gitaa baada ya saa za kazi. Tofauti ni kwamba safari hii gari la pesa lilisimama mlangoni.

Lilimsimamia na Milo pia, kwa kiasi. Mwaka 1996 Descendents walirudi na Everything Sucks, kwa lebo hiyohiyo ya Epitaph, wakati ambapo bendi zilizowaiga zilikuwa zikijaza viwanja. Albamu ni nzuri, pengine ndiyo iliyorekodiwa vizuri kuliko zote za kwao, lakini hawakuifuatilia kwa ziara za miaka miwili mfululizo kama ambavyo mfanyabiashara angewashauri. Aukerman alirudi maabara. Iliyofuata, Cool to Be You, ilikuja 2004, na baada yake kimya tena hadi Hypercaffium Spazzinate ya 2016. Katikati, mwaka 2010, Stevenson aliponea chupuchupu: damu iliganda kwenye mapafu, kisha akagundulika na uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa na kupona. Alirudi kwenye dramu. Studio ya Fort Collins ndiyo iliyokuwa imemweka mjini muda wote huo, akirekodi wengine, zikiwemo bendi za NOFX na Rise Against, na ukizisikiliza rekodi hizo utatambua sneya ilivyokaa mbele, kavu na ya karibu.

Kazi ambayo ningempa mtu asiyewajua si ya 1982 wala ya 1996. Ni 9th & Walnut ya 2021, iliyopewa jina la ile kona ya mazoezi ya Long Beach. Nyimbo zake zimetungwa kati ya 1977 na 1980. Navetta, Lombardo na Stevenson walizirekodi ala zake mwaka 2002, zikakaa bila sauti mpaka Aukerman alipoziimba mwaka 2020, wakati wa janga la korona, miaka 12 baada ya Navetta kufariki. Kama nusu ya nyimbo hizo ni za kawaida, utunzi wa vijana wanaojifunza wapi pa kuweka kiitikio. Lakini gitaa la Navetta lina uchungu na ulaini ambao hakuna aliyemfuata ameupata, na katikati ya nyimbo zao wenyewe wameingiza Glad All Over ya The Dave Clark Five, iliyotamba miaka ya 1960 wakati Lombardo alikuwa kijana na Stevenson mtoto wa kubebwa. Skeiti panki bado haikuwa na jina nyimbo hizo zilipotungwa. Kilichokuwepo ni bendi ya mtaa inayopenda nyimbo za redio na kuzipiga haraka kuliko ilivyo lazima.